AKIBA YA NYUMBANI NDIYO MSINGI WA USHIRIKA

Hotuba ya Katibu kwa wanachama na viongozi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Muungano, Dakawa



Wasemaji walionitangulia wamekwisha kueleza vizuri habari za mifereji, za pampu, za ghala na za bei ya mpunga. Sitayarudia. Nimeombwa niseme juu ya jambo dogo ambalo halina mhandisi wala mkopo wa benki, nalo ni uwekevu wa kila siku majumbani mwetu: jikoni, dukani, katika taa na katika mfuko wa shati.

Yamkini wapo watakaosema, "Katibu ameacha kazi ya chama, sasa ataka kuhesabu chumvi yetu." Nawaomba mnivumilie. Katika miaka yangu ya kuandika vitabu vya chama nimeona jambo moja likirudi kila msimu. Mkulima hodari, mwenye shamba safi na mbegu bora, hufika mwezi wa mavuno akiwa amekwisha kuuza mavuno yake. Mpunga ungali wa kijani, maji yangali katika jaruba, naye amekwisha kupokea fedha za mlanguzi. Ukimwuliza sababu, aghalabu hakutajii msiba wala ugonjwa. Atakutajia deni la dukani: sukari, mafuta, sabuni, vocha ya simu. Mambo madogo madogo ndiyo yaliyomla. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo.

Mfano wa nyumba yangu

Si vema kumnyoshea mwenzio kidole kabla ya kujitazama, basi nitaanza na nyumba yangu mwenyewe. Kuna mwaka niliouza magunia manne ya mpunga ungali shambani. Nilikuwa katibu, mwenye kalamu na daftari, na nilijua hesabu ya kila mwanachama kwa ncha ya ulimi. Hesabu ya nyumbani kwangu sikuijua. Mwenye duka aliponiletea daftari la madeni, jumla ilikuwa shilingi 158,000. Sikuwa nazo. Mlanguzi akanipa shilingi 40,000 kwa kila gunia, nami nikashukuru kama aliyeokolewa majini. Mavuno yalipokuja, gunia lile lile lilikuwa shilingi 70,000. Nilipoteza shilingi 30,000 kwa kila gunia, yaani shilingi 120,000 kwa magunia manne. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi ilikuja mwezi wa Februari, nilipokwenda na kikapu kununua mchele kwa kilo, mimi mkulima wa mpunga, kwa bei iliyokwisha kupanda.

Siku ile mke wangu hakunigombeza. Alichukua lile daftari la duka akaomba nimsomee mstari kwa mstari. Tulikuta kwamba vitu vilivyotuangusha havikuwa vikubwa. Kulikuwa na mafuta ya kula ya kupima kila jioni, kipande cha sabuni kila siku ya pili, soda za wageni, na vocha, tena vocha, tena vocha. Vocha zile hakuzinunua yeye. Nilizinunua mimi.

Tangu siku ile tuliweka desturi kadhaa, na hizo ndizo nitakazowaeleza. Sikuzisoma chuoni. Nyingine alikuja nazo mke wangu kutoka kwao milimani, upande wa Mgeta, ambako watu hulima mboga juu ya matuta katika miteremko mikali, na udongo wenyewe ni mali ya kutunzwa.

Konzi ya akiba

Desturi ya kwanza ni konzi ya akiba. Kila mara mke wangu apimapo mchele wa kupika, kabla ya kuutia maji, huchota konzi moja na kuirudisha katika chungu cha pekee, kilichofunikwa. Watoto hawaoni upungufu katika sahani. Mimi nilicheka. Nilimwambia konzi moja haiwezi kuwa akiba, na ili kumshinda nikaichukua konzi ile hata ghalani nikaiweka juu ya mizani ya magunia. Mizani haikujongea hata kidogo. Nikarudi nyumbani kwa ushindi.

Yeye aliendelea kimya. Mwezi ulipokwisha alinipa chungu nikapime tena. Safari hii mizani ilisema kilo tatu na nusu. Fanyeni hesabu, ndugu zangu: kilo tatu na nusu kwa mwezi ni kilo 42 kwa mwaka. Katika miezi ya njaa, kati ya Januari na Machi, bei inapokuwa juu, kilo 42 ni kitu cha kumwezesha mtu alale usingizi. Haba na haba hujaza kibaba. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, lakini siku ile niliiona kwa macho juu ya mizani.

Moto na chakula

Desturi ya pili ni ya moto. Mafiga matatu hutupa joto jingi nje ya sufuria. Jiko lililozungushiwa udongo, lenye mlango mmoja wa kuni, hula kuni chache zaidi, na udongo wa kulijengea hauuzwi. Kuni zikaukie juani kabla ya kutumika, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi kuliko moto, na moshi ule huingia katika vifua vya mama na watoto. Maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva upesi. Sufuria ifunikwe. Chakula kikianza kuchemka, moto upunguzwe, kwani maji yakisha kuchemka hayaongezeki joto hata ukitia mzigo mzima wa kuni.

Serikali ilitangaza mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kununua jiko la gesi na anunue, hasa wale wanunuao mkaa kwa kopo kila siku. Lakini mtungi wa gesi nao wataka akiba ya kuujazia. Asiyeweka senti ya gesi kidogo kidogo atauona mtungi mtupu ukikaa pembeni kama pambo.

Hali kadhalika, mpunga hautupwi wote uitwao taka. Chenga hupikwa uji au husagwa unga wa vitumbua. Pumba laini ni chakula cha kuku. Makapi huweza kutandazwa bustanini. Mabua ya mpunga yatiwe shambani au zizini kuliko kuchomwa moto.

Dukani

Desturi ya tatu ni ya ununuzi. Maskini hununua ghali kuliko tajiri, kwa sababu hununua kidogo kidogo. Mwenye kununua mche mzima wa sabuni hulipa kidogo kwa kila kipande kuliko mwenye kukatiwa. Tena sabuni iliyokatwa vipande na kuachwa ikauke darini kwa majuma mawili matatu haiyeyuki upesi majini. Mafuta ya kupima jioni kwa jioni ni ghali kuliko ya chupa kubwa. Ndiyo sababu katika kikundi chetu nyumba sita zilipatana kununua kwa pamoja sukari, mafuta na sabuni mara moja kwa mwezi, kisha tukagawana kwa mizani. Huo nao ni ushirika, ingawa hauna cheti.

Ndugu wanachama, msidhani jambo hilo ni dogo. Ushirika mkubwa wa dunia ulianza hivyo hivyo. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo waliokuwa na ujira hafifu, waliweka senti chache kila wiki hata kila mmoja akafikisha paundi moja. Kwa paundi hizo walifungua duka tarehe 21 Desemba mwaka ule, wakaanza na unga, siagi, sukari na vitu vingine vichache. Hawakungoja tajiri wala serikali. Walianza na walichokiacha bila kukitumia.

Simu na fedha ndogo

Desturi ya nne yatuhusu zaidi sisi wanaume, na vijana. Fedha za simu ni msaada mkubwa. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mkulima wa Dakawa aweza kupokea malipo bila kupanda basi kwenda Morogoro mjini. Lakini kila utoapo fedha kuna makato. Mwenye kutoa mara tano fedha kidogo kidogo hukatwa zaidi kuliko mwenye kutoa mara moja kiasi kile kile. Yafaa kupanga siku ya kutoa, kama tupangavyo siku ya gulio. Tena tujihadhari na mikopo ya simu inayokuja usiku kwa kubonyeza tu. Kabla ya kubonyeza, mtu aulize: nitarudisha kiasi gani, na siku gani, na kwa mpunga upi?

Nawapeni hesabu nyingine. Mtu akitumia shilingi 500 kila siku kwa jambo asiloweza kulikumbuka jioni, kwa mwaka ametumia shilingi 182,500. Deni langu la dukani lilikuwa pungufu ya hapo.

Lisilofaa kupunguzwa

Sasa nataka kuweka mpaka, maana kuna watu husikia neno akiba wakaenda kubana pasipofaa. Uwekevu si ubahili. Bahili huifungia fedha na watoto wana njaa. Mwekevu huiachilia fedha mahali panapozaa. Hatupunguzi chakula cha mtoto wala cha mama mjamzito. Hatuahirishi kwenda zahanati mpaka homa iwe kali. Hatuuzi chandarua, wala hatukitumii kuvulia samaki Mto Wami. Hatumwondoi binti shuleni ili kubakiza gharama ya sare.

Wala hatubani mbegu. Aina ya SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2002, na mavuno yake twayajua. Mwenye kuokota mbegu zilizochanganyika ili aokoe shilingi chache atalipa hasara jaruba zima. Hapa Dakawa tuna kituo cha utafiti cha TARI, tukaulize huko. Uwekevu wa mbegu ulio halali ni ule wa kilimo shadidi, kama kilivyofanywa kwa wenzetu wa Mkindo katika wilaya yetu hii ya Mvomero: mche mmoja mchanga kwa kila shimo, kwa nafasi, na maji ya zamu badala ya kufurika daima. Hapo mbegu hupungua, maji hupungua, na pampu hupumzika. Nanyi mwajua kwamba maji ya Wami hayapandi mashambani bila umeme, na umeme una ankara.

Baada ya mavuno napo kuna akiba inayomwagika. Mpunga ukianikwa juu ya udongo hupata mchanga na mawe. Turubai hujilipa. Mpunga ukikaushwa kwa jua kali mno upesi upesi, punje hupasuka na mashineni hutoka chenga. Usipokauka hata kufikia unyevu wa asilimia 14 hivi, huvunda ghalani. Na lipimwe gunia kwa mizani. Lumbesa ni wizi uliovaa joho la desturi. Anayeruhusu lumbesa na huku akimgombeza mkewe kwa kijiko cha sukari anaziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Nani aweke?

Nimefika mahali pagumu, nami nitasema kwa heshima. Mara nyingi mazungumzo ya akiba huelekezwa kwa akina mama peke yao. Mama afunike sufuria, mama apime mafuta, mama ashone kiraka. Kisha mavuno yakija, baba hubeba fedha mfukoni, na mfuko huo hauna konzi ya akiba. Fedha huishia kilabuni, au katika bodaboda ya safari zisizo na kazi, au katika kujionyesha. Nyumba ambayo mmoja huweka na mwingine humwaga ni sawa na mfereji uliotoboka. Hata pampu ikifanya kazi mchana kutwa, jaruba halijai.

Tena tuna sherehe zetu. Kumcheza mwali ni heshima ya wazee wetu, na arusi ni furaha ya ukoo. Sisemi tuziache. Nasema tukae kikao cha ukoo kabla, tuweke kiwango, tukiandike, tukifuate. Bibi mmoja aliniambia kwamba zamani sherehe ilifuata ghala, na siku hizi ghala hufuata sherehe. Neno hilo sijalisahau.

Na jambo hili haliwezi kuamrishwa kwa nguvu. Wazee wetu wa Uluguru walikwisha kulijua hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Nia ya kutunza udongo haikuwa mbaya, lakini ilikuja kwa amri na faini, bila kuwasikiliza wenye milima, na mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Basi mume asimwamrishe mke, wala katibu asiwaamrishe wanachama. Watu wa nyumba moja wakae pamoja, wasome daftari pamoja, wapatane. Walichopatana watakitunza.

Viongozi nao

Nisiposema neno kwa viongozi wenzangu nitakuwa mnafiki. Ofisi ya chama ni nyumba pia, nayo ina jiko lake. Kila soda ya kikao, kila posho, kila safari ya gari imetoka katika gunia la mwanachama. Stakabadhi na iandikwe siku ile ile. Kikao kinachoweza kumalizika kwa siku moja kisifanywe viwili. Mwanachama akiomba kuona hesabu, aonyeshwe bila kununiwa.

Nchi hii ina kumbukumbu. Vyama vikuu kama KNCU ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1933, vilijengwa na wakulima wadogo. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa uamuzi wa serikali, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na vingi vilivyorudi vilidhoofika kwa madeni na kwa kupoteza imani ya wanachama. Hapa kwetu pia twakumbuka shamba kubwa la NAFCO la miaka ya 1980, lililokuwa na mitambo ya fahari, kisha likashindwa kuendelea, na sisi wakulima wadogo tukayashika majaruba hayo. Mitambo peke yake haikuliokoa. Muungano wetu umefika miaka kumi. Tukitaka ufike ishirini, na tujifunze kwa waliotutangulia.

Maazimio

Namaliza kwa kuwaombeni mambo manne, nanyi myapime.

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari moja, na jioni ya kila Jumapili baba na mama waandike kilichoingia na kilichotoka. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtoto wa shule.

Pili, kila nyumba iwe na chungu cha konzi ya akiba, kisifunguliwe kabla ya mwezi wa Januari.

Tatu, kila mwanachama atenge magunia mawili ghalani siku ya mavuno, asiyauze mpaka bei ipande, na kiasi fulani cha mauzo hayo kiingie katika chama cha akiba na mikopo.

Nne, mwanachama akifikia hatua ya kutaka kuuza mpunga ungali shambani, aje kwetu kwanza. Aje hata usiku. Tutatafuta njia pamoja. Mimi nilikwenda kwa mlanguzi kwa sababu niliona haya kusema kwamba katibu ana deni. Haya ile ilinigharimu shilingi 120,000. Sitaki imgharimu mtu mwingine.

Msimu uliopita sikuuza hata gunia moja kabla ya mavuno. Si kwamba nimetajirika, bado naendesha baiskeli ile ile mnayoijua. Lakini mwezi wa Februari tulipika mchele wetu wenyewe, na mwanangu mdogo alipochota konzi kuirudisha chunguni hakuna aliyemwagiza.